Mvua ya Desemba Hufika Mei

Mama ananiuliza kwa simu, tena,
kazi yangu huku Brighton ni kazi gani.
Namjibu: nahesabu mvua ambayo haikunyesha.
Anacheka. "Na wanakulipa?"
Wananilipa.

Mji huu umekalia chaki, mama,
chaki ile ile iliyotupaka vumbi mikononi shuleni,
unene wa mita mia mbili na zaidi,
na ndani ya chaki mna nyufa, na nyufani ndimo yalimo maji
ya chai yao, ya bafu zao, ya mbwa wao.
Hakuna bwawa. Hakuna mto wa kuutegemea.
Kuna giza lililolowa, na pampu.

Nimeukata mji vipande vya mraba,
elfu kumi na moja na mia nne,
kila kipande nimekipa tarakimu zake:
kinanyonya kiasi gani, kinamvujishia nani,
kinaazima wapi kikiishiwa.
Majirani wasioonana
wanaopitishiana kikombe ukutani.
Usiku naipa kompyuta majira ya baridi makavu,
mawili mfululizo, kisha ya tatu,
nakwenda kulala. Yenyewe inakesha na kiu yangu.

Lakini maji usiyoyafika hujui kina chake,
na kisima namba tisa kilikuwa kikinikana.
Kila mwaka modeli inasema mita thelathini na moja,
kila mwaka kisima kinasema thelathini na mbili na nusu.
Nikabana hiki, nikalegeza kile.
Kisima: thelathini na mbili na nusu.
Kama mtoto aliyekwisha kusema "sili".

Nikaenda. Shamba la Bi Tapsell, nyuma ya kanisa la Hatherdean.
Nikateremsha utepe shimoni, taratibu,
mpaka kikengele chake kikalia: umegusa.
Thelathini na mbili na nusu, na vidole viwili.
Bi Tapsell akanitazama kama fundi aliyechelewa,
akaleta daftari la marehemu mumewe, la hesabu za kondoo,
na pembezoni, kwa penseli, tarehe:
kijito kimetoka. Kijito kimetoka. Hakikutoka.
Miaka arobaini na mitatu ya kijito
kinachozaliwa Januari kando ya makaburi
na kufa kabla ya nyasi kukatwa.
"Kikitoka, hutokea hapa kwanza," akaonyesha kwa fimbo,
"si pale ramani yenu inaposema."
Kumbe kulikuwa na ufa. Ufa mmoja mpana, nisioujua,
unaoniibia maji na kuwapelekea wafu.

Nikauchora. Namba tisa ikanyamaza.
Na ukame wangu, sasa ukiwa na ufa ndani yake,
ukawa mbaya zaidi.

Kikaoni, vipande vyekundu ukutani:
mwaka wa tatu, Septemba, visima vitatu vya kusini
vinaanza kuonja bahari.
Bwana Ockenden wa baraza akavua miwani.
"Lini hasa?"
Modeli haijui lini, nikasema. Inajua iwapo.
"Iwapo nini?"
Iwapo haitanyesha, na iwapo mtaendelea kuoga hivyo.
Mtu akakohoa. Mwingine akajimiminia maji,
akaitazama bilauri,
akanywa nusu.

Leo Desemba, kituo cha basi,
mvua inakuja kwa ubavu, mwavuli wa mtu umegeuka bakuli,
watu wanailaani kwa adabu yao.
Nimesimama nje ya kibanda, koti limelowa,
nahesabu kimoyomoyo:
milimita sita. Toa ya lami, toa ya mizizi, toa ya upepo.
Moja na nusu itashuka,
na ikishuka itajipa muda wake, mlango kwa mlango, gizani,
itafika Mei.
Simu inalia mfukoni. Ni mama.
"Huku Singida bado," anasema. "Huko je?"