Nukta Tano

Zamu ya usiku Mzakwe. Pampu namba sita inakohoa.
Nakinga maji kwenye bomba la kupimia,
natia kidonge, natikisa, nasubiri
mpaka yageuke rangi ya ufizi wa mtoto.
Nukta tano. Naandika daftarini: nukta tano,
sahihi, S. Chidawali,
na tumbo linafika ukingoni mwa meza
kabla ya mkono.

Miaka tisa nautilia mji huu dawa.
Nkuhungu, Chang'ombe, bweni la wasichana,
wodi ya wazazi,
wote wamekunywa kipimo changu
nami sikuwahi kuuliza.
Sasa ni mwezi wa saba, na anayekunywa
hana kikombe chake,
hana pa kutemea.

Nilimuuliza nesi Mwajabu, kliniki ya Makole:
hii klorini, dada, humfikia?
Akaandika presha, akaandika uzito,
ndipo akainua macho.
"Wataalamu bado wanatafuta. Wapo walioona kitu kidogo,
wapo wasioona. Wewe kunywa.
Yasiyotiwa dawa hayatafutwi, yanajulikana."
Akanihesabia vidonge vya damu.

Bado wanatafuta.
Neno hilo nililibeba toka Makole hadi nyumbani
bila kulitua.

Mama anacheka. Mimba yangu aliilea
kwa maji ya kufukua mchangani, korongo la Msanga,
akingoja shimo lijae
kama anayengoja mgonjwa avute pumzi nyingine.
Yalikuwa na chumvi, na mbuzi walikwisha tangulia.
"Na mlizaliwa sita!"
Halafu hacheki tena, maana tuko watatu.
Nhonya na mapacha walikwenda wiki moja,
mwaka ule wa kuhara,
na hakuna mtaalamu aliyepita kutafuta chochote.

Basi jioni najaza ndoo, naifunika khanga nyepesi,
harufu iondoke na huu upepo wa Agosti
usiojua kubisha hodi.
Alfajiri nanusa. Nakunywa.
Humo ndani anapiga teke, moja tu,
sijui la shukrani
au la malalamiko.

Usiku narudi kazini. Kidonge. Natikisa.
Naitazama rangi ile mbele ya taa
kwa muda mrefu kuliko maelekezo yanavyotaka.
Nukta tano.
Natia sahihi,
kisha pembeni mwa daftari la serikali, kwa penseli,
naandika lile jina
ambalo hatujamwambia mtu.