Tone Penye Pembe ya Jicho

Nuswaiba kaamka, haoni.
"Mama, umezima mchana?"
Kope zimeshikana, tongotongo zimekauka
kama gundi ya bahasha.
Ana miaka mitatu na nusu,
na hiyo nusu haachi kuitaja.

Majengo hapa mlango hauna siri.
Chai haijachemka,
Bi Mwanakombo kafika na ndimu,
mke wa fundi cherehani na maji ya sukari,
na shangazi, kwa sauti ya chini,
auliza kama jirani anyonyeshaye
hawezi kutukamulia matone mawili.
Nikawashukuru wote.
Ndimu nikaitia kwenye mchuzi.

Zahanati, foleni ilikuwa ya macho:
watoto mekundu, mama zao mekundu,
bawabu na miwani ya jua ndani ya nyumba.
Muuguzi Kadzo hakunipa mkono.
"Wiki hii twasalimiana kwa mdomo tu."
Maji yachemke, yapoe.
Pamba moja, jicho moja,
futa mara moja, tupa.
Mikono, sabuni, kabla na baada.
Na taulo yake, peke yake.
Nikainama. Kwetu taulo ni moja,
twapokezana kama habari.

Kichupa kidogo kuliko kidole,
ndani yake vita.
Siku ya kwanza nilimbana kwa magoti,
Twalibu kashika miguu,
tone likaenda puani, sikioni, kwenye kanga yangu,
kila mahali ila jichoni.
Alinitazama kwa ule upenyo mwekundu
kama mtu aliyeuzwa na nduguze.

Usiku ndipo likanijia neno la Kadzo,
alilolisema nimeshampa mgongo:
"Usimfumbue kwa nguvu. Mwache afumbe."

Kesho yake nikamlaza chali mkekani.
"Fumba, mama. Jifanye umelala."
Kwa kujifanya hana mpinzani; akakoroma hasa.
Nikaliweka tone pembeni, karibu na pua,
kidimbwi juu ya ngozi.
"Amka sasa, kumekucha!"
Akafumbua, na dawa ikaingia yenyewe
kama mwenyeji asiyepiga hodi.

Leo ni siku ya sita. Weupe wake umerudi,
ataka kwenda chuoni akaonyeshe.
Mimi ndiye nimeamka na mchanga
chini ya kope za kushoto.
Kichupa changu kando, si chake, Kadzo alisisitiza.
Nuswaiba kanawa hadi viwikoni,
gauni lote lachuruzika,
kasimama juu yangu na uso wa daktari:
"Fumba, mama.
Koroma kidogo."