Waya wa Ardhi

Elsdon, mwezi wa Machi. Mvua inakuja mshazari,
na banda la Maureen Charlton lanuka sufu mbichi,
dizeli, na chai iliyosahauliwa juu ya tangi.

Pikipiki hii ya magurudumu manne ni kubwa kwa mwanangu.
Taa yake ya zamani ilikuwa na tabia za mlevi:
ukivuta mafuta, inafumbua jicho,
ukipunguza, inasinzia.
Na kondoo mwenye uchungu huchagua korongo
ambamo huendi ila kwa mwendo wa konokono.

Jumanne Maureen akanunua taa za LED,
mbili, kila moja kama kiberiti,
akazifunga mwenyewe kwa hasira na bisibisi isiyolingana.
Zikawaka. Zikatetemeka.
Mlima mzima ukawa unapepesa kope.
"Nimeuziwa takataka," akasema.
Nikamwambia taa hazina kosa,
ni umeme wako usio na msimamo.

Maana humo tumboni mwa injini umeme huenda na kurudi,
huenda na kurudi, kama mtu aliyesahau funguo,
na balbu ya kale haikujali: ilipasha uzi wake moto
kwa anayekwenda na kwa anayerudi.
Hizi mpya zina mlango wa upande mmoja.
Anayerudi hukuta pamefungwa.

Basi nikamwaga oili. Nikafungua boliti nane,
ya tisa ikagoma, nikaibembeleza kwa nyundo.
Koili ikatoka imelowa, nyeusi,
shaba imesukwa kama twende kilioni.
Na pale nikauona: ncha moja ya waya
imelehemewa kwenye chuma, imeshikamana na mwili wa mashine.
Huo ndio waya wa ardhi.
Ukitaka mkondo unyooke, sharti uung'oe hapo,
uelee, usiegemee popote,
ncha zote mbili ziende kwa kinyoosha mkondo
sawa kwa sawa.

Nikashika chuma cha kulehemu, nikasita.
Mama, kule Korogwe, husema mwacha asili ni mtumwa.
Hunisemea kwenye simu, kila Idi,
na hajawahi kuniuliza kama kuna baridi.
Moshi ukapanda. Lehemu ikadondosha chozi moja.
Waya ukaachia.

"Umeshavunja?" Maureen, mlangoni.
"Bado."

Nikaunga, nikafunga, nikarudisha oili.
Fyuzi ya kwanza ikaungua. Waya ulikuwa unagusa fremu
mahali padogo, upana wa ukucha:
kilichong'olewa hakitaki kuguswa na kilikotoka.
Nikauvika mpira. Fyuzi ya pili. Betri. Swichi.

Sikuwa tayari kwa weupe ule.
Ukuta wa mawe hadi kona, kila jiwe na kivuli chake,
matone yamesimama hewani kama yameitwa majina,
macho ya kondoo, ya kijani, mia na ushei, yakituhesabu.
Na yule mwanakondoo tuliyemtafuta Ijumaa
kwa tochi na kwa ile taa ya kilevi, hadi saa tisa za usiku,
hatua saba kutoka langoni.
Saba. Nilizihesabu kwenda, nikazihesabu kurudi.

Maureen hakusema kitu. Alileta gunia.
Kisha akaitafuta balbu ya zamani kwenye kopo la misumari,
akaifuta kwa pindo la shati, akaitia mfukoni,
sijui ya nini.

Injini ilikuwa ingali inanguruma, taratibu,
mwendo wa chini kabisa,
na mwanga haukusinzia.
Kule juu, ng'ambo ya ukuta, kondoo mmoja amelala kiubavu,
anakwaruza udongo kwa kwato.
Nikapanda. Nikaingiza gia ya kwanza.