Hesabu za Siku Ishirini na Moja

Mwenya huondoka Jumatatu. Basi la mgodi
hupiga honi mara moja tu kwenye kona ya Katuba,
kwani dereva ni mtu wa haya na majirani wamelala.
Siku ishirini na moja Fungurume,
siku saba Lubumbashi. Kofia ngumu humwachia alama
juu ya nyusi, haifutiki hadi siku ya tatu.

Mimi nafundisha hesabu ng'ambo ya reli.
Mshahara wangu hununua makaa, chumvi,
unga wa bukari wa wiki mbili,
na salio la simu la kumwuliza, "Umekula?"
Wake umejenga ukuta, umechimba kisima,
umelipa karo za watatu, na za Kapya,
mtoto aliyeachwa na marehemu dada yake.
Nayasema haya bila aibu. Aibu niliimaliza zamani,
siku kaka yangu Mumba aliponikuta nafua sare,
akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo.
Mwezi uliofuata alikuja kukopa.
Nilimpa, kwa mkono uleule wenye povu.

Kuna barua chini ya kitambaa cha meza.
Ukaguzi wa shule, Kalemie, nyumba ya serikali,
mshahara mara mbili ya huu, ukitoka.
Ilifika mwaka ule Musonda alipoanza kutembea.
Nikapiga hesabu usiku, umeme umekatika,
nikiandika kwa mwanga wa simu:
mimi niende, yeye abaki: tunapungukiwa.
Yeye aende, mimi nibaki: tunavuka.
Sote tubaki: tunapendana na tunadaiwa.
Sote twende: tumejenga nyumba ya kulala mlinzi.

Wanafunzi huniuliza:
mwalimu, jibu likishatoka, ni lazima tulipende?
Nawaambia walipigie mstari chini. Miwili.

Jana alirudi. Akaketi jikoni na buti miguuni,
akatafuta karatasi ya kuandikia mambo ya soko,
akainua kitambaa.
Aliisoma yote, polepole,
kama mtu anayesoma kipimo cha tanuru.
"Miaka sita," akasema.
"Sita na miezi."
Uji wa Musonda ulikuwa unachemka, hakuna aliyeinuka.
Nilingoja aseme pole, au asante;
ningevikataa vyote viwili.

Akaigeuza upande mweupe.
Mafuta, akaandika. Sabuni. Madaftari ya Kapya.
Samaki.
Kalamu ikasimama.
"Kalemie wana samaki wazuri," akasema,
wala hakucheka.

Nikaichukua kalamu mkononi mwake,
nikaongeza, chini ya samaki, chumvi,
na kando yake jina langu,
kwa kuwa hiyo nainunua mimi.