Kichelewa

Walisema ni kipya.
Niliposikia nilicheka hadi kanga ikanidondoka,
maana kuni zake ndizo nilizopikia mbaazi
mwaka ule Mnali alipovunjika mguu,
na moshi wake, nakumbuka, haukuwasha macho.

Kipya kwa nani?
Mama yangu alikiita kichelewa.
Miti yote ikishachanua, ikishazaa, ikishasahau,
ndipo hicho kinatoa ua, Julai, kwenye umande wa kipupwe,
jeupe kama ute wa yai lililochemka,
katikati nyuzi za njano, tele, kama brashi ya fundi saa.
Halinukii. Labda ulisogelee sana,
ndipo linanukia chungu kipya
kinapomwagiwa maji mara ya kwanza.

Lugano, yule binti wa chuo kikuu,
alikuja na ngazi na tochi ya kufunga kichwani
na magazeti ya zamani ya kulazia majani.
Likumbo alimwongoza, kwa elfu kumi na tano na chakula.
Siku tatu msituni, nyuma ya Rutamba,
wakitafuta, wakifunga utepe mwekundu shinani.
Jioni ya tatu alikalia kinu changu kilichopinduliwa,
akavua viatu, akasema:
Mama Esha, ni kumi na moja.

Nikadhani ni saa.

Kumi na moja, dunia nzima.
Alilitamka hilo neno dunia
kama mtu anayeuliza bei ya sanda.
Akafunua gazeti: ua limebanwa
juu ya tangazo la mnada wa korosho,
limeanza kugeuka rangi ya chai.
Ili kipewe jina, alisema,
tawi moja lazima likatwe, likaushwe,
liwekwe kabatini, liwe shahidi.
Nikamwuliza, na hivyo nilivyokata mimi
havikushuhudia kitu?

Basi nikamwambia. Nani mwingine angemwambia?
Ekari mbili za ufuta, pale mteremko unapoinamia mto,
mwaka juzi zilikuwa msitu.
Tulifyeka Oktoba, tukachoma Novemba.
Vichelewa vilikuwamo. Sikuhesabu,
mtu hahesabu anachofyeka.
Labda sita. Labda kumi na sita.
Mpini wa jembe hili ni kichelewa, shika.
Akaushika. Akaunusa.
Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma,

kwa sababu jibu nilikuwa nalo:
ufuta ule, stakabadhi ghalani, malipo yakaja Agosti,
yakawa bati ishirini na nne,
yakawa godoro la Esha bwenini Nachingwea,
yakawa vyuma ndani ya mguu wa Mnali.
Msitu haujawahi kunilipia ada.
Nililipanga jibu hilo vizuri, na sikuulizwa.

Bandu bandu huisha gogo, tuliimba darasani
huku tukigonga madawati.
Hakuna aliyetuambia kwamba gogo lina jina,
na kwamba siku litakapolipata
litakuwa limebaki bandu.

Julai hii nilikwenda kuokota vijiti vya ufuta.
Karibu na kichuguu, kisiki nilichokichoma mwenyewe,
cheusi upande mmoja kama sufuria,
kimetoa machipukizi mawili.
Majani yale yale, yenye meno madogo pembeni.
Mbuzi wa kina Nambunga alikuwa ameshayaona.
Nikamrushia bonge la udongo, nikamkosa,
nikakata miiba, nikazungushia, mikono ikavuja damu,
na nikajiona mjinga, mwanamke mzima
anakilinda alichokichoma.

Halafu nikapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.
Lugano hapatikani. Likumbo akapokea,
nyuma yake redio inapiga kelele.
Nikamwambia, kumi na mbili.
Nini?
Kumi na mbili, Likumbo!
Akanyamaza kidogo, akauliza,
ya asubuhi au ya jioni?

Nikamwambia, sijui.