Koti la Euro Kumi na Mbili

Novemba, Oulu. Saa tisa alasiri jua limeshafunga duka,
na Reetta ndiyo kwanza anatoka kununua.

Jumatatu alileta birika, la tatu.
Jumatano, viatu vya kuteleza barafuni, yeye asiyeteleza.
Jana mishumaa kumi na minane yenye harufu ya msonobari,
ilhali msonobari wenyewe uko nje ya dirisha,
unanukia bure.

Mfuko ukiwa mkononi, moyo hutulia
hadi kituo cha basi. Pengine hadi mlangoni.
Kisha nyumba, ile nyumba iliyojaa hadi juu ya kabati,
humuuliza tena: umeniletea nini?

Mama alifariki Machi.
Kwa wiki moja Reetta aligawa vyote, vyombo, mashuka, makoti.
"Sitaki kuviona," alisema,
na havikuonekana.

Leo, kwenye mitumba nyuma ya stesheni,
koti la sufu, kijani, kifungo kimoja hakifanani na wenzake.
Anakijua. Alikishona mwenyewe,
usiku, kwa uzi usiolingana,
huku wakigombana juu ya dawa.

"Linakuenea?" anauliza Tauno, muuzaji.
Halimwenei. Mabega yanambana.
Mfukoni mna pipi ya kikohozi
iliyogandamana na karatasi yake.

Euro kumi na mbili kwa kitu alichokitoa bure.
Analipa. Haombi mfuko.

Kituoni anasimama, mkono ndani ya lile koti,
kidole kwenye pipi.
Basi la kwanza linapita.
La pili pia.