Ndani ya Bitana

Mjini Iringa walimwita Mzee Dili,
wakidhani ana biashara za kichinichini.
Jina lake Dilimuradi; na dil, alinieleza
huku akikata uzi kwa meno, kwao ni moyo.
Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na minne,
kazi yangu kupuliza mkaa wa pasi.

Alikuwa mweusi kuliko mimi, Mhehe wa Kalenga,
na Kiswahili chake kilichechemea kama mgeni wa juzi.
Babu wa babu yake aliondoka bara hili amefungwa kamba;
yeye akarudi na cherehani, tikiti ya sitaha,
na Kiurdu, ambacho hakuna aliyemwagiza.

Aliandika kwa chaki ya fundi,
kulia kwenda kushoto,
ndani ya makoti, kabla ya kushona bitana.
Kila koti mishororo miwili, isizidi.
Karani wa boma, mchungaji wa Kilutheri, dereva wa Mafinga,
wote walipita chini ya jiwe la Gangilonga mwezi wa sita,
baridi ikiwatafuna masikio,
na shairi mgongoni wasilolijua.
"Koti likifuliwa je?"
"Mteja kalipia koti," akasema.

Neno moja alikuja nalo ambalo si la huko.
Bibi yake, Karachi, kila alfajiri akifungua zizi
aliwaambia mbuzi: kamwene.
Wajukuu wakadhani ni jina la mbuzi.
Hadi asubuhi ile sokoni, Semfilinge muuza njegere
alipoinua uso: "Kamwene, fundi."
Alikaa palepale, juu ya gunia la watu.
Njegere zikamwagika. Akalipa.

Miaka thelathini alijaribu kuliingiza neno hilo
katika ghazali. Mara lizidi, mara lipwaye;
alilipima kwa futi ya shingoni, akafuta, akapima.
Siku moja akanipa maana tu, nami nikaikata kwa mizani yetu:

    Mlango umefunguka, mwenye nyumba simjui;
    salamu nimeishika, jibu lake silijui.

Akasikiliza, kichwa upande.
Akasema vina vinabana kwapani.

Koti alilonishonea nalivaa mwaka wa ishirini na mbili.
Wembe ninao.
Hata kusoma nisingeweza.
Mke wangu ananung'unika: koti gani hili halifuliwi,
linanuka moshi, linanuka mvua ya Kihesa.
Namwambia, kesho.